Mikono Chini ya Kaniki

Sipendi watu wanaoniuliza kama naamini majini. Na mimi huwauliza: kwani wao majini wananingoja mie niwaamini? Ninalolisimulia lilinipata mwenyewe, na mikono yenyewe ndiyo hii ninayoandikia.

Tulikaa Pujini, mimi na bibi yangu mzaa mama. Mama alikufa nina miaka saba. Karafuu ndizo zilizotulea, tukichuma, tukichambua, tukianika, mpaka miaka ile ya mwisho wa hamsini bei ikaporomoka, mwenye shamba na asiye nalo wote wakawa wanakula muhogo mkavu. Hapo ndipo serikali ilipoanza kusema vijana wa Pemba wasitegemee mkarafuu peke yake, wajifunze kazi nyengine. Likafunguliwa darasa la taipu Chake Chake, miezi sita, na atakayefaulu mtihani ataajiriwa ukarani hapo hapo mjini Chake. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli, kazi sina, na mchumba aliyeletwa nilikuwa simtaki. Nikaenda.

Tulikuwa kumi, wasichana wawili tu. Mwalimu alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, hacheki. Alisema karani anayetazama vidole vyake bado hajawa karani. Basi akanunua kaniki, ile nyeusi tii, akaikata vipande, akawa anafunika kila mashine pamoja na mikono ya mwanafunzi. Macho tuyakodoe ubaoni, palipoandikwa herufi. Na ili twende pamoja alipiga meza kwa rula, ko, ko, ko, kila pigo herufi moja. Mtu yeyote wa Pujini angemwambia: kaniki, mapigo, na watu wametoa macho hawapepesi, hicho ni kilinge cha waganga, hapo huitwa sheitani aje. Lakini yeye alikuwa mtu wa mjini, na sisi tulitaka kazi, tukanyamaza.

Wiki za mwanzo nilikuwa mbovu kuliko wote. Kisha siku moja nikaona herufi sizitafuti tena. Vidole vinakwenda vyenyewe, na mimi nimekaa tu, kama mgeni wa barazani anayesikia watu wakifanya kazi uani. Nilifurahi. Niliogopa pia, sitasema uongo.

Vidole vikanifuata nyumbani. Nikipumzika kukuna nazi, vinaanza kugonga pajani, na mimi sina habari. Bibi akaona. Aliweka chini ungo wake, uso umemsawijika, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alisema mama yangu, siku zake za mwisho, alilala chali macho yako darini, na vidole vyake vikichambua karafuu juu ya mkeka mtupu. Hapakuwa na karafuu hata moja. Mganga aliyeitwa alisema mikono ile imeshapata wa kuitumia, na itamchukua mwenye mikono. Siku ya tisa ikamchukua.

"Na weye ndivyo unavyotazama," Bibi akaniambia. "Macho huku, mikono kwengine. Mwanangu alikwenda hivi hivi, namuona."

Nilikasirika. Nikamwambia huu ni ufundi, si ugonjwa, na kama haamini aje ajionee. Ujinga wangu huo. Alikuja kweli, akasimama dirishani adhuhuri, jua la utosi, akatuona kumi sote na kaniki zetu na mwalimu akipiga rula. Tulipofika nyumbani akanambia sirudi tena kule. Mtihani ulikuwa umebaki siku mbili.

Nililia, nikasusa chakula, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: kwamba anataka nioze naye chini ya mikarafuu yake. Kesho yake alijifunga kanga akaenda kwa mganga yule yule, akarudi na nyuzi mbili nyeusi zenye mafundo saba, akanifunga moja kila mkono, zikanibana.

"Nenda," akasema. "Lakini usizivue. Zikikutoka, ujue mikono imeshapata wa kuitumia, na itakuchukua."

Siku ya mtihani mwalimu alianza kupiga rula kwa kasi tusiyoizoea. Nikakwama. Vidole vilikuwa baridi, nyuzi zinanikata, na kichwani namuona mama chali juu ya mkeka. Nikasema basi, kazi imekwenda. Ndipo chini ya kaniki nikahisi mikono myengine imelala juu ya yangu. Ilikuwa myepesi, viganja vigumu vya mtu wa shamba. Harufu ya karafuu mbichi ikapanda chumbani, na mle hamna ila wino na vumbi. Mikono ile ikaichukua yangu ikaenda nayo. Sikutazama. Hata leo sijui kwa nini sikutazama, labda kwa kuwa mwalimu alikataza.

Alipochomoa karatasi yangu aliisoma mara mbili. Hakuna kosa. Nikaitoa mikono, na nyuzi hazimo. Nilikung'uta kaniki, nikapiga magoti chini ya meza nikapapasa sakafu nzima. Hazikuonekana.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa mlangoni. Hakuniuliza mtihani. Alinishika viganja, akavitazama, kisha akavinusa. Akakaa kitako pale pale kizingitini, na kilio kikamtoka.

"Ni mama yako," akasema.

Tangu hapo hakunizuia tena. Wiki ya tatu ikaja barua: nimefaulu, na kazi si ya Chake Chake kama tulivyoahidiwa, ni ya Unguja mjini. Nilidhani atanipigia kelele. Alinikunjia nguo zangu mwenyewe, moja moja, akanisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipokuja akanishika mkono.

"Mganga hakukosea," akanambia. "Alisema mikono itakuchukua. Mie nilidhani ni kaburini tu."

Nilimwambia nitarudi kila sikukuu. Mwaka wa kwanza nilirudi. Mwaka wa pili kazi zilizidi, nikatuma kanga na salamu.

Mwaka ule ule, adhuhuri moja, nilikuwa ofisini napiga barua ya bwana mmoja, macho yako mbele kama nilivyofunzwa. Mashine ikanyamaza. Nikaviambia vidole viendelee, havikunitii. Nikatazama chini, mara ya kwanza tangu darasani. Vilikuwa vinachambua karafuu, taratibu, juu ya meza tupu.

Nilifika Pujini siku ya tatu. Bibi alikuwa ameshazikwa, na waliomuuguza wakaanza kunieleza mikono yake ilivyokuwa. Niliwaambia basi, najua.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kila ninapoandika natazama vidole vyangu. Yule mwalimu angenifelisha.