Nilivyomkosesha Mama Nyangeta mtamba kwa fomula ya tarehe

Wakuu, salaam. Hili sijalipaka rangi, maana aliyekosea ni mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitoka Songea na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta. Basi hadi Dodoma, treni hadi Mwanza, kisha vumbi la kupitia Bunda. Musoma nilishuka siku ya sita, miguu imevimba.

Enzi hizo mashirika ya umma yanakufa, miradi inaota kama uyoga. Mmoja ukaniajiri, ofisi ilikuwa Nyasho, hapo hapo mjini.

Ulikusanya maziwa ya wanachama kwenye kituo cha Butiama. Mwanachama wa kwanza kuleta siku tisini mfululizo angepewa mtamba wa kisasa, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

Karani wa kituo, mzee Magesa, alihesabu kwenye daftari. Mimi nikahamishia kwenye kompyuta, najiona profesa.

Kila mwanachama na sheet yake: column A tarehe, B lita, C siku mfululizo. Kwa kompyuta tarehe ni namba tu. Ukitoa ya jana kwenye ya leo unapata 1. Nikaandika:

=IF(A3-A2=1,C2+1,1)

Tofauti ikiwa siku moja, jumla inapanda. Ikizidi, inaanza upya.

Siku ya kutangaza, kompyuta ikiwa mezani pale kituoni, akasimama Mama Nyangeta, mjane mwenye ng'ombe mmoja aliyezeeka.

"Mwanangu, mimi nimeletaga tangu mahindi machanga. Nina ngapi?"

"Sita, mama."

"Sita? Umehesabu kwa vidole vya mkono gani?"

Watu wakacheka. Jamaa mmoja akadakia, "Mama, ishtaki hiyo televisheni!"

Nami kwa kiburi: "Mashine haisahau, mama."

Daftari hatukulifungua, mtamba akapewa mtu mwingine.

Wiki mbili baadaye napitia sheet. Jumla ya yule mama inafika sita kila Ijumaa, Jumapili inarudi moja. Kila wiki!

Alikuwa Msabato. Maziwa ya Jumamosi hayauzwi, wanakunywa wajukuu. Kituo kizima kilijua, ndiyo maana Magesa alichora kistari siku hiyo na kuendelea kuhesabu. Mimi vistari niliviruka kwa kuwa havikuwa na lita.

Kwa daftari, alikuwa na tisini na mbili. Wa kwanza.

Nikampelekea bosi. "Dogo, mtamba ameshapandishwa dume huko alikoenda. Ukifukua hili nani atatuamini? Nyamaza."

Nikanyamaza. Fomula ilikosea kwa ujinga, mimi nilikosea nikijua.

Nimezunguka mikoa mingi tangu hapo. Vijana wa Excel, kabla ya kuandika fomula kaeni na mwenye daftari, mumuulize kila alama. Na ukigundua kosa, liseme kabla halijazoeleka.

Asubuhi ya kuondoka Musoma nilipita kituoni kuaga. Mama Nyangeta alikuwa kwenye foleni ya kununua, ana chupa ya nusu lita. Ng'ombe wake alikuwa amekauka.

"Unatuacha, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mungu akutangulie."

Nikapanda gari, sijarudi tena mkoani Mara.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nitukaneni, ni haki yenu. Ila kama humu kuna mtu wa Butiama, aniambie tu kama yule mama bado yupo.