Hadija Aliuliza, Hakujibiwa

Mwanangu, ukiniona nimenyamaza kwenye msiba wa mtu aliyeuawa na pombe, usidhani nimetulia. Nimekasirika. Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki moyoni, na leo nataka uisikie.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani Chang'ombe, hapa Dodoma, mama wa watoto wawili, na nilikuwa mlevi. Silipambi neno hilo. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, viliuzwa duka lile lile la sabuni, nami nilivificha kwenye droo ya cherehani. Mwenzangu alikuwa Hadija, mtu wa Kondoa, tuliyeshona naye kwenye kibaraza kimoja. Kwao ni watu wa msikitini, kwa hiyo aibu yake ilikuwa mara mbili ya yangu. Akishakunywa alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Usiseme hatukutaka kuacha. Tulitaka! Tulikwenda zahanati moja, tukamweleza mhudumu kwa sauti ya chini, naye akatujibu kwa sauti ya juu, foleni nzima isikie: "Acheni tu kunywa. Kwani kuna mtu anawashikia kikombe?" Watu wakacheka. Tukatoka na vitambaa vyetu usoni kama wezi.

Jirani yetu alikuwa Mzee Chilewa, mzee wa kanisa. Mtaa mzima ulijua kwamba zamani alikuwa akiokotwa mtaroni, kisha akaacha. Asubuhi hiyo ninayokuambia, alipopita, Hadija aliweka mkasi chini akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe uliachaje pombe?"

Alitazama huku na huku, akaiweka sawa kofia yake. "Mungu alinisaidia tu," akasema, akaenda zake.

Hadija alirudi akaketi. "Basi mimi Mungu hanijui," aliniambia. Hakuuliza tena. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, ndugu zake wakamchukua kwa basi hadi Kondoa. Huko ndiko nilikokwenda msibani. Kaka yake aliwaambia watu ni malaria. Na mimi, niliyejua ukweli, niliitikia.

Baada ya hapo nilizidi kunywa. Kisha siku moja mwalimu kijana, Neema, akaja kuchukua gauni lake, akakuta mkono mmoja nimeushona ndani nje. Hakugomba.

"Mama, unanuka pombe saa tatu asubuhi," alisema. "Mume wangu naye alikuwa hivyo. Kila Jumamosi saa kumi jioni anakaa na wenzake wanaoacha pombe, darasani, shule ninayofundisha kule Nkuhungu. Hakuna anayecheka. Nije nikuchukue?"

Alinichukua. Kuingia tu, naona watu tisa kwenye madawati ya watoto, na mmoja wao ni Mzee Chilewa. Miaka sita alikuwa akija pale!

Sikumpa shikamoo, Mungu anisamehe. Nilisimama mbele yake nikamwuliza, "Hadija alipokuuliza, ulikuwa tayari unakuja hapa?"

"Nilikuwa nakuja."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mwanangu, mambo ya hapa ni siri."

"Siri ni yanayosemwa humu ndani, mzee. Mlango nao ni siri?"

Hakuna aliyeninyamazisha. Mzee alifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Nami nikaketi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Jioni ile waliniambia jambo ambalo zahanati haikuniambia: mnywaji wa siku nyingi asikate ghafla peke yake, mwili unaweza kumwangusha. Kesho yake Neema akanisindikiza hospitali. Nilirudia pombe mara mbili, na mara zote mbili wakanipokea.

Jumapili moja baadaye, wakati wa matangazo kanisani, Mzee Chilewa alisimama bila kuitwa. "Mimi ni mlevi," alisema. "Nina miaka sita sijanywa, na si kwa ujanja wangu. Tunakutana Nkuhungu, shuleni, Jumamosi saa kumi. Binti mmoja aliniuliza, nikamficha. Amekufa."

Wiki ile walikuja wapya wanne. Nilifurahi, lakini hasira haikuisha, na mpaka leo haijaisha. Hao wanne walikuwa wapi siku zote? Walikuwa hapa hapa, wakingoja mtu mmoja akubali kuaibika kidogo kwa ajili yao!

Basi, mwanangu, kama ni wewe unayekunywa, uliza. Wakikucheka zahanati hii, nenda nyingine, uliza msikitini, uliza kanisani, uliza kwa mwenyekiti wa mtaa. Usikome kwenye jibu la kwanza kama sisi tulivyokoma. Na kama unapajua mahali, sema. Taja siku, taja saa, kisha mshike mtu mkono umpeleke. Aliyoyasema mwenzako ndani yaache huko ndani, lakini njia ya kufika usimfiche mtu. Usimsingizie Mungu kazi aliyokupa wewe mdomo wa kuifanya.

Mungu akupe ulimi usioogopa aibu ndogo. Na siku utakapouliza wewe, akukutanishe na mtu atakayekujibu.