Chumba ya Kuangalia Ziwa

Hii habari inanionyesha mi mujinga kabisa. Kama unataka kunicheka, cheka sasa, huko mbele kicheko itaisha.

Mu ile vita nilikuwa naziba mipira ya magari. Mukiliya moja, mwenye kuleta gari yake tuizibe, akasahau kwetu kitabu ya picha, ya watu wenye kupeleka watalii Tahiti, kisiwa ya mbali sana. Kurasa yote mahoteli. Mangaribi, wakati hakuna mutu anasubutu kutembea inje, mi na mama tulikuwa tunakaa chini pale kwetu Kanyosha tunachagua kwenye tutafikia. Risasi zinalia ku milima, sisi tunabishana juu ya vyumba.

Mi nilipenda kanyumba ka majani kenye kusimama juu ya maji, na kadaraja.

"Kadaraja kamoja?" mama akauliza. "Na wenye bunduki wakikujia pale, utapitia wapi?"

"Nitaruka mu maji."

"We? We mwenye kuogopa hata kuoga?"

Yeye alichagua kachumba ka nyuma ya jikoni, dirisha ndogo kama ya kuku. Nikamucheka mubaya.

"Mama! Upande ndege yote ile, halafu ukalale mu depo kama gunia ya muchele?"

"Mi nataka kulala. Kuangalia, nitaangalia muchana."

Kisha risasi zikatoka ku milima zikaingia mu mutaa wetu. Majirani wakahama. Mama alikuwa anapikia fonksioneri moja, mukubwa wa serikali, mwenye kukaa mutaa ya Gihosha. Huyo bwana akakimbia na familia yake, akamwachia mama funguo: muchunge nyumba, mulale kwenye munataka. Tukahamia kule. Vyumba mbili zilikuwa wazi: moja kubwa ya mbele, vioo tupu, ziwa yote inaonekana chini kule, na depo ya nyuma.

Mama akabeba matela yake ya kulalia mbiombio ku depo. Nikamunyanganya.

"Apana, mama! Tumefika Tahiti. Leo mi ndiye nachagua."

Akacheka. Alikuwa amechoka, akaniachia. Nikasukuma kitanda mupaka chini ya dirisha, juu mama aamuke akiona maji inangaa. Mi nikalala chini ku simenti kama bosi.

Asubuhi moja alikuwa amekaa ku kitanda anaangalia ziwa, vile nilimwambia. Mi niko mu mulango nasugua meno, namuliza kama atakunywa kahawa ao maji ya nazi. Wakapiga bomu kutoka ku milima. Kioo yote ikamwangukia mu uso. Hakulia. Alishika macho, damu inapita mu vidole.

Mi sikupata hata mukwaruzo.

Ku hopitali jicho moja wakaitoa. Ingine ikabaki inaona mwangaza tu, kama mutu mwenye kujifunika blanketi.

Tukarudi. Nikahamisha matela ku depo, hakuna mutu aliniambia. Siku ile sikukuwa na muzaha hata moja. Mama akapapasa ukuta, akalala.

"Kuja hapa, bwana muchaguzi," akasema. "Niambie. Ziwa leo iko namna gani?"