Mabati Yangu ya Rehani

Nyumba ya kwanza ya bati katika kijiji chetu ni yangu. Nasema hivyo kila nikipata nafasi, maana kuna watu wepesi wa kusahau. Sikurithi hata jembe. Shule niliiacha darasa la pili, nikaingia shamba la mkonge upande wa Korogwe, nikakata mkonge mpaka viganja vikawa vigumu kama soli. Baadaye nikanunua mkokoteni, nikauza mkaa mjini. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila mtu alikuwa anaambiwa ajenge taifa. Mimi nilianza na nyumba yangu.

Pesa ya mkaa sikuinywa. Kila nilipopata ya kutosha nilinunua bati, mpaka yakafika kumi na nane. Lakini nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja na mke wangu, na mabati hayalali kitandani. Mwenye nyumba, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa anataka rehani kwa kila mpangaji, akiharibu kitu ikatwe humo. Akaniambia mwuza mkaa rehani yake lazima iwe nzito. Tukapatana: mabati yangu yaezeke jiko la uani, siku nikihama niyashushe. Nikaona nimempata. Mabati yangekaa juu, mwizi asiyafikie, na pesa mfukoni isipungue.

Chumba cha pili alikaa fundi cherehani. Yeye alikuwa ameweka rehani ya fedha taslimu. Kwao ni Handeni kama kwetu, njia ya kwenda Sindeni, ila yeye alikuwa mtu wa mashati meupe. Nilikuwa nikirudi na vumbi langu jeusi, namkuta kakaa barazani anakanyaga cherehani, na mke wa mwenye nyumba kamletea uji. Mimi, niliyewauzia mkaa wa kupikia uji huo, sikuletewa hata kikombe. Watoto wa uani walimwamkia yeye kwanza. Mke wangu naye alikuwa na namna ya kusema, "Fundi ana mkono mwepesi." Alisema akiwa anakunja nguo, hana neno lolote moyoni, najua. Lakini kwa nini aseme?

Ikaja habari ya vijiji vya ujamaa. Kwetu watu wakaanza kukusanywa kandokando ya barabara, viwanja vikapimwa kwa kamba. Mimi nikapewa kiwanja, na fundi akapewa cha jirani, kana kwamba Handeni nzima haikuwa na mahali pengine pa kumweka. Basi nikaapa kwamba bati la kwanza kung'aa kijijini pale litakuwa langu. Nyumba nikaipiga ramani ya mabati kumi na nane kamili.

Fundi alihama kabla yangu. Mzee akamrudishia rehani yake yote, na mkewe akamfungashia mkate wa mchele. Nilikuwa nimesimama pale pale na mkokoteni wangu.

Wiki iliyofuata nikaaga mimi. Kurudi kutoka sokoni nikakuta mzee ameshusha mabati kumi na moja, ameyaegemeza ukutani. Saba yamebaki juu. Akasema matatu ni ya ukuta uliojaa masizi, matatu ni ya sakafu iliyopasuka, na moja ni la kitasa. Kitasa nilikivunja kweli, siku ufunguo ulipopotea, sikubisha. Lakini ukuta nilikuta mweusi na sakafu nilikuta imepasuka. Nikamwambia hivyo. Akanijibu mbele ya wapangaji wote, "Kijana, nilikupa chumba, unanirudishia tanuri la mkaa." Watu wakacheka, nami nikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Mjumbe alikuja baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye kigoda pale uani. Nilizungumza vizuri, sina shule lakini mdomo ninao. Nikaeleza mkaa wangu ulilala nje kwenye magunia, chumbani haukuingia. Mzee naye akaeleza yake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupuliza filimbi ya treni. Mjumbe akatusikiliza, kisha akauliza, "Ndugu, siku unaingia, nani alikiona hicho chumba?"

Nilijua ni nani. Nikatazama chini. Nilikuwa radhi niezeke nusu nyumba kwa nyasi kuliko kulitamka jina la yule mtu. Mjumbe akauliza mara ya pili. Mke wangu ndiye aliyejibu: "Fundi alikiona. Ndiye aliyetuazima ufagio."

Ufagio wa miaka ile yote, bado anaukumbuka.

Fundi alikuwa hajaondoka mjini, alikuwa kwa dada yake karibu na stesheni akisubiri lori la kubeba cherehani. Akaitwa. Akaja na futi ya kamba shingoni, akaamkia wazee mmoja mmoja, mimi akanipa mkono. Akasema aliyekaa chumba kile kabla yangu alikuwa anakaangia samaki humo ndani, hata mashati ya wateja yalinuka. Kuhusu sakafu akamgeukia mzee, taratibu, kama anayempima koti.

"Mzee wangu, ule ufa unaanzia kwangu, chini ya cherehani. Unapita chini ya ukuta ndiyo unaingia kwake. Mimi hukunikata kitu. Sasa ufa ni mmoja, iweje kwangu uwe bure na kwake uwe mabati matatu?"

Mjumbe akaingia vyumba vyote viwili, akainama, akatoka anapangusa magoti. Akasema ufa ni mmoja kweli. Mzee akacheka kwa pua. "Haya, mwuza mkaa kapata wakili. Panda ushushe mabati yako, niachie moja la kitasa."

Nikapanda mwenyewe. Kila msumari niliong'oa nilisikia watu chini wakimsifu fundi kwa maneno yake. Wakati wa kutoka akaniambia, "Kaka, nimesema nilichokiona tu." Hapo ndipo aliponimaliza. Angedai shilingi mbili ningempa tukaachana. Mtu asiyedai huwezi kumlipa.

Nyumba niliijenga, mabati kumi na saba, na pengo moja nyuma nikaliziba kwa debe nililolipasua na kulinyoosha. Ikang'aa mpaka watu wa kwenye malori wakawa wanageuza shingo. Fundi pesa yake ilikuwa nzima, lakini madukani bati likawa limeadimika, kuta zake zikasimama wazi. Mvua za vuli zilipokaribia, mwenyekiti wa kijiji akaja na wazee wawili. Akasema cherehani ya kijiji kizima haiwezi kunyeshewa, na baraza yangu ni pana. Nikafungua mdomo nikatae. Mke wangu alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikasema, "Karibuni."

Akaweka cherehani barazani kwangu. Mvua ikipiga bati watu wanakimbilia kwetu, wanajaa, wanamzunguka yeye. Akina mama wanaleta vitenge, wazee wanaleta kanzu. Baadaye alipata mabati yake, akaezeka, na cherehani bado haikuondoka, kwa kuwa wateja wamezoea. Mtu akiuliza njia anaambiwa, "Nenda mpaka kwa fundi, halafu kata kushoto." Kwa fundi, yaani kwangu.

Mwaka jana nikanunua rangi nyekundu, nikamleta mchoraji kutoka Korogwe, nikamwambia aandike jina langu lote juu ya mlango, herufi kubwa. Limependeza. Watu wanasimama wanalisoma, wananiamkia kwa heshima, kisha wananiuliza fundi yuko wapi.