Injini Aliyoiunguza Orrin

Vonda Haugland nimemjua tangu alipoolewa hapa Lewistown, na sikuwahi kumsikia akimtukana mtu mpaka mwaka ule. Ni mfugaji. Yeye na Orrin, mdogo wa mume wake, walimiliki pamoja ndege kuukuu ya viti vinne, ya kukagulia ng'ombe malishoni.

Walichogombania ni kishikio chekundu. Ukikivuta, mafuta yanayoingia kwenye injini yanapungua. Juu kabisa, ambako hewa ni nyepesi, ni lazima ukivute. Lakini ndege inapopanda kwa nguvu zote unakiacha, maana mafuta yale ya ziada ndiyo yanayoipoza injini. Orrin alikivuta hata akiwa anapanda, kisha akaja kujigamba mgahawani kwamba amekwenda Billings na kurudi na mafuta bado tele.

"Shemeji, unaichoma hiyo," Vonda alimwambia, tena si mara moja.

"Na wewe unainywesha kama ndama yatima," Orrin alijibu, na sisi tukacheka.

Jumanne moja ya Oktoba Vonda alikuwa akimpeleka kwa ndege hiyo mama mkwe wake, Bi Borghild, kwa daktari wa macho Great Falls. Kabla ya milima ya Highwood injini ilianza kutikisika kama inayotaka kung'oka. Oili ikatapakaa kiooni, hata mbele kusionekane kitu. Vonda alichungulia dirisha la pembeni, akaibwaga ndege kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Gurudumu la mbele lilivunjika. Bi Borghild alipasuka mdomo.

Fundi alipofungua injini, pistoni moja ilikuwa imetoboka, kingo zake zimeyeyuka.

"Joto," alisema. "Limekuwa likiila muda mrefu."

Orrin alikuwa amesimama pale kwenye banda la ndege, mikono mfukoni. "Injini yenyewe ilikuwa nzee, shemeji."

Vonda alimtupia ile pistoni kifuani. "Nzee? Mama yako alikuwa ndani! Mama yako mzazi, mshenzi wewe! Nilikuwa nampangusa damu kwa mkono huu huku mkono mwingine bado umeng'ang'ania usukani!"

Bi Borghild, mdomo umeshonwa, akadakia kutoka kwenye kiti alichoketi pembeni mwa banda: "Msimwonee Orrin. Hakukusudia."

Nadhani hapo ndipo Vonda alipoumia hasa. Alimtazama yule mama, akatoka nje.

Injini ilitengenezwa. Vonda akabadilisha kufuli ya banda, na Orrin hajapewa ufunguo. Mume wake alijaribu kuwapatanisha, akaambiwa ale huko huko kwa ndugu yake. Mwezi wa Novemba, kwenye karamu ya familia ya Sikukuu ya Shukrani, walikaa meza moja. Orrin aliomba viazi.

"Vifuate mwenyewe," Vonda alimwambia, na bakuli akaliweka mbali zaidi.