Nilipomtii Tata Mwenye Kiu ya Sigara

Mwanangu Héritier, ipo alasiri moja ya kiangazi, hapa Kapata, ambayo nikiikumbuka bado naona aibu. Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka michache tu, kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka hana jina lingine. Juzi ulinipigia simu kutoka Tenke, ukasema kifua kinakubana ukipanda kutoka shimoni huko mgodini, na kwamba unataka kuacha sigara, ila nisimwambie mtu yeyote. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Sikukujibu palepale. Unanijua: neno dogo hulizungusha kichwani mpaka linachoka lenyewe. Sasa nakujibu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule, nasubiri kazi isiyokuja, nikikaa kwa Tata Mukubwa Mwamba, kaka mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha shaba, mjane, akimlea mjukuu wake Mado aliyefiwa na mama. Alivuta tangu ujana wake. Kikohozi chake tulikizoea kama watu wa kando ya reli wanavyozoea treni. Mazoea yana taabu, mwanangu. Hata mlio wa hatari ukiusikia kila siku, unalala nao.

Ikafika Jumapili akashindwa kurudi kutoka kanisani bila kuketi njiani, Mado amesimama karibu naye, amemshikia kofia. Kesho yake alikwenda kituo cha afya peke yake. Muuguzi alimshauri achague siku ya kuacha, awaambie watu wake wa karibu, na awe anarudi kuzungumza naye. Alimwambia pia kwamba hamu ya sigara hupanda na kushuka, na kwa kawaida haikai muda mrefu, mradi mtu apate cha kufanya na mwenzake wa kukaa naye. Tata aliporudi aliniita uani.

"Mwana, mi naacha tumbako. Nikikutuma sigara, ukatale. Hata nikikasirika."

"Hata ukikasirika, Tata?"

"Hata nikikutukana. Mado hana mutu mwingine. Nikienda, atabakia na nani? Na weye na diplome yako?"

Kisha akafanya jambo lililonifanya nitamani ardhi ipasuke. Alikwenda kwa Mama Kayombo, anayeuza sigara moja moja kwenye kona ya avenue yetu, akamwambia mbele ya watu asimuuzie tena.

"Weye njo wa kwanza kila asubui," Mama Kayombo akasema. "Sasa nifunge duka?"

"Utaniuzia karanga."

"Karanga, na meno gani?"

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Niliona mzee kama yeye angeacha kimya kimya kwanza, ndipo tutangaze akishashinda. Ndivyo tunavyofikiri sisi tuliosoma: tunapenda watu waone kichwani poda ya ushindi, ile anayomwagiwa aliyefaulu, si jasho la mtihani. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humfichua.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Halafu akafa mtu aliyefanya naye kazi kiwandani. Tata alikwenda kwenye kilio, akaketi na wanaume kando ya moto, pakiti ikipita mkono hadi mkono. Hakuchukua. Lakini alipofika nyumbani alasiri hiyo, aliniita.

"Enda, uniletee sigara moja."

"Tata, ulisema..."

"Nilisema nini? Mi njo baba yako. Nakutuma, na weye unasimama?"

Unajua tulivyolelewa. Mtoto akitumwa na mkubwa, hasemi hapana. Nikawaza: nikikataa, nimemvunjia heshima. Nikikubali, nimevunja ahadi. Labda moja haidhuru. Labda hasira itamuumiza kifua kuliko moshi. Nilikuwa bado nawaza, na miguu ilikuwa imekwisha kuanza kutembea.

"Ya nani?" Mama Kayombo akauliza.

"Yangu."

"Weye, tangu lini unavuta? Enda umwambie Tata, mi nimekatala."

Yeye ambaye ugali wake unatoka kwenye zile sigara alikataa. Mimi niliyekula mezani kwa Tata nikaendelea hadi barabara kubwa, ambako hakuna aliyetujua, nikanunua. Tata aliivuta akiutazama ukuta. Mado alitoka, akasikia harufu, akarudi ndani.

Asubuhi Tata aliniita. Hakupaza sauti.

"Mwana, mi sikukutafuta juu ya heshima. Heshima, batoto bote ba avenue banayo. Siku nilikuomba, nilikuwa na akili. Jana nilikuwa na kiu. Weye ukasikia mwenye kiu."

Nikaanza kujieleza. Akainua kidole.

"Adabu si utumwa. Ikirudi, ukuwe upande yangu."

Akarudi kwa muuguzi, akamweleza yote, wakaanza upya. Hakugombezwa. Aliambiwa wengi huanguka kabla ya kuweza.

Na kiu ilirudi. Tata akanituma, nami nikasema hapana. Akaniita mbwa. Akaniita msomi wa kumaliza unga wa watu. Akashika fimbo yake akaenda mlangoni, nikasimama hapo.

"Nitapita, mwana."

"Twende pamoja, Tata. Tuzunguke nyumba."

Tukazunguka. Matusi yake niliyaitikia ndiyo Tata, na sigara niliiitikia hapana. Majirani walitutazama kutoka uani kwao. Tulipofika kwenye uzio wa nyuma, matusi yakapungua. Akaomba maji, akanywa, akavuta pumzi.

"Imepita," akasema. Kisha akauliza: "Ile ya mbwa, nilisema?"

"Ulisema, Tata."

"Na ya unga?"

"Na ya unga."

"Ya unga ni kweli."

Nisikudanganye, mapafu ya ujana hayakumrudia. Lakini sigara aliiacha, na mwaka huu Mado alipomaliza shule ya msingi, aliyemmwagia poda kichwani ni Tata mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, siri yako siitaki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagua watu wawili watatu, pamoja na yule anayekuwashia sigara mkitoka shimoni, uwaambie leo, ungali na akili, wakufanyie nini siku ya kiu. Wape ruhusa ya kukukatalia. Nenda kituo cha afya, uulize kama kuna dawa ya kukusaidia. Usihamie kwenye tumbako ya kunusa au ya kutafuna ukadhani umepona. Ukianguka, nipigie siku hiyohiyo, usingoje aibu ipoe. Na ukinituma sigara nitakukatalia, nawe utanitukana. Hilo nimeshaliwaza sana, niko tayari.

Mungu akufungulie kifua, mwanangu. Akupe watu wasiokuogopa ukiwa na kiu, na pumzi ya kutosha kuwaita watoto wako kwa majina yao yote, hata wakiwa mbali.