Walioitikia Walikuwa wa Mbele

“Munezero, hao batoto ba chuo utabafundisha kuongoza namna gani, na sisi ulituongoza vile?”

Nyirabizimana, jirani yake pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa akichambua maharagwe, na asubuhi hiyo walikuwa wamesali pamoja.

Mwaka 1996, walipokimbia vita katika milima ya Kivu Kusini, Congo, ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni kisigino cha mwenzake. Wazee wakamweka Munezero mbele kwa kuwa ndiye aliyeongoza kwaya: atoe wimbo, watu waitikie, asipotee mtu. Akaimba. Wakaitikia kwa nguvu, naye akamshukuru Mungu kwamba wote wapo. Ukungu ulipoinuka, mkia wa msafara haukuwepo. Walioitikia walikuwa wa karibu naye tu. Mama yake Nyirabizimana hakuonekana tena.

Tangu hapo, hata kanisani, wimbo ukiitikiwa Munezero husikiliza kile kimya kilichoko nyuma ya sauti.

Mwaka 2014 chuo kimoja cha Mbarara kilimpa kazi ya kutunga masomo ya uongozi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. La kwanza aliliita Kutembea Nyuma: mwanafunzi aende Nakivale, afuatane na wachota maji, awe wa mwisho, asiseme neno.

Daktari Kabanda, mkuu wa idara, alicheka. “Banange, jamani, Munezero! Hawa wanataka ubunge, wewe unawapeleka kufuata mikia ya ng'ombe? Toa hilo, weka kuhutubia.”

“Niruhusu nilijaribu mara moja tu, Daktari.”

“Moja. Likishindwa, tunalifuta.”

Siku ya kulijaribu, kabla wanafunzi hawajaenda Nakivale, ukumbi ulijaa. Munezero akauliza, “Mnanisikia?”

“Ndiyo, madamu!” Viti vya mbele vilinguruma.

Sauti ni ile ile ya kwenye ukungu. Akaacha karatasi zake mezani, akapita katikati yao mpaka ukuta wa nyuma. Wasichana wawili walikuwa wamekaa kimya.

“Na nyinyi je?”

“Hatukusikia kitu, madamu. Tumeona tu wenzetu wanaitika.”

Hapo hapo Munezero akawasimulia ule ukungu, kwa sauti ndogo, na ukumbi wote ukageuza shingo. Hakuna aliyecheka. Kabanda, aliyekuja kulikagua somo, alikuwa ameinamisha kichwa.

“Somo libaki,” akasema mwishoni. “Unahitaji nini?”

Swali la jirani yake lilikuwa bado linamzunguka Munezero moyoni.

“Naomba, Daktari, kila nikifundisha, mtu mmoja akae huku nyuma. Nikiita, wa mbele wanyamaze, aitikie yeye peke yake.”